Kiharusi kimempata akiwa bado kazini: aandike barua ya kustaafu au angoje?

SWALI: Hujambo mtaalamu. Mume wangu ana miaka 54 na ni dereva wa wizara moja hapa Nairobi tangu 1999. Miezi saba iliyopita alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yanamtoka kwa shida. Mshahara ulikuwa ukiingia wote lakini sasa unaingia nusu. Mkubwa wake anasema, "Mzee aandike tu barua, amepita miaka 50, atapata pesa zake haraka." Kuna jamaa mjini anataka 15,000 ili asukume faili. Kabla ya serikali alifanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha Industrial Area na alikuwa akikatwa NSSF. Tunaishi Umoja pamoja na mama yake wa miaka 74, na kuna mkopo wa Sacco. Tuandike barua au tungoje? Na nianzie ofisi gani? (Mama Baraka)

JIBU: Mama Baraka, pole kwa kuuguza, na mfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na barua, maana hiyo ndiyo yenye haraka: asiandike. Sisemi hatastaafu. Huenda ikafika huko, tena mwaka huu huu. Lakini barua inayoandikwa kwa kuwa mkubwa amechoka kuona gari bila dereva ni barua ya mkubwa, si ya mgonjwa. Nilishika faili za wastaafu kwa miaka mingi kabla mimi mwenyewe sijatoka, na nilichojifunza ni kwamba karatasi inayotangulia kuingia ndiyo inayoburuta nyingine zote. Ikitangulia barua ya hiari, kila karani atakayeifungua faili ataisoma kama ya mtu aliyechoka na kazi. Ikitangulia ripoti ya daktari, ataisoma kama ya mtu aliyeugua akiwa kazini.

Mtaani tunasema "kustaafu mapema" kana kwamba ni jambo moja. Ni matatu.

La kwanza si kustaafu hata kidogo, ni kujiuzulu, na hilo mlikimbie kama moto. Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, humtunza anayestaafu. Anayeacha kazi mwenyewe hujiweka nje ya mlango. Barua za serikali huandikwa kwa Kiingereza, na nilimwona dereva mmoja wa miaka 22 kazini ambaye kijana wa saiba (duka la kompyuta na intaneti) alimchapia barua akaweka neno la kujiuzulu mahali pa kustaafu. Tulihangaika miezi na miezi kulifuta neno hilo moja. Kwa hiyo barua yoyote itakayotoka kwa jina la mzee isomwe kwanza na mtu anayejua tofauti hiyo, hata kama ni mwalimu wa shule ya jirani.

La pili ni kustaafu kwa hiari baada ya kutimiza miaka 50. La tatu ni kustaafu kwa sababu ya afya, baada ya bodi ya madaktari kuthibitisha kwamba hawezi tena kazi yake na kwamba hali hiyo ni ya kudumu.

Hapa lazima nimtendee haki mkubwa wake, kwa sababu hakusema uongo mtupu. Kwa mtu aliyetumikia miaka 10 au zaidi, hesabu ya pensheni ni ileile akitoka kwa hiari au kwa maradhi. Acha nikuonyeshe, uache kutegemea maneno ya watu.

Tuseme mshahara wake wa kimsingi, bila marupurupu ya nyumba na ya usafiri, ni 40,000. Kwa mwaka ni 480,000. Sheria hulipa sehemu moja ya 480 ya mshahara huo wa mwaka kwa kila mwezi aliotumikia. Nimechagua 40,000 makusudi, kwa sababu hapo kila mwezi wa kazi unazaa shilingi 1,000 za pensheni kwa mwaka. Miaka 26 ni miezi 312, basi pensheni yake kamili ni 312,000 kwa mwaka. Robo ya hiyo, 78,000, huzidishwa mara 20, na hicho ndicho kiinua mgongo kinacholipwa kwa mkupuo: 1,560,000. Robo tatu zilizobaki, yaani 234,000, hugawanywa kwa miezi 12, naye hupokea 19,500 kila mwezi maisha yake yote. Chukua kalamu, weka mshahara wake halisi wa kimsingi mahali pa 40,000, na utapata jibu lenu bila kumlipa mtu.

(Jirani akikwambia mumewe alipigiwa hesabu nyingine, pengine yumo katika mpango mpya ulioanza Januari 2021, ambapo mfanyakazi huchangia na serikali huongeza asilimia 15 ya mshahara. Mpango huo ulikuwa wa lazima kwa waliokuwa chini ya miaka 45. Mzee wako alikuwa amepita, kwa hiyo kama hakujaza fomu ya kuhamia huko mwenyewe, hesabu yake ni hii niliyokuandikia.)

Kama hesabu ni ileile, kwa nini nakuzuia? Kwa sababu pensheni si pesa pekee iliyo mezani, na nyingine zote zinategemea karatasi ya daktari.

Chukua huo mkopo wa Sacco. Mikopo mingi ya Sacco na ya benki huwa na bima inayolipa deni mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu utakaomzuia kufanya kazi. Nenda ofisini kwao, usiulize habari za kustaafu, uliza hivi: "Mkopo huu una bima ya ulemavu wa kudumu? Mnataka karatasi gani, na mwisho wa kuleta madai ni lini?" Wataomba ripoti ya hospitali. Mtu aliyeandika kwamba anastaafu kwa hiari ili akapumzike amejiharibia madai hayo kwa mkono wake mwenyewe. Kiwango cha deni hukukitaja, lakini nimeona familia ikikatiwa karibu nusu ya kiinua mgongo kulipa deni ambalo bima ingelimaliza.

Tazama pia pengo lililo kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Siku anapotoka kazini mshahara hukatika, na pensheni haianzi kesho yake asubuhi; faili hutoka wizarani kwenda Idara ya Pensheni, hukaguliwa, hurudishwa ikiwa na kasoro, hupangiwa malipo. Hilo "haraka" la mkubwa wake silijui. Mtu akiruka pengo hilo na faili iliyokamilika, ataumia kidogo. Akiliruka na faili yenye matundu, mtakula kwa deni Umoja nzima. Na bima ya matibabu ya watumishi wa umma huisha pamoja na kazi. Baada ya hapo mtajisimamia wenyewe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mgonjwa wa kiharusi bado anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki. Hakikisheni usajili wenu wa SHA uko sawa sasa, angali analipwa.

Basi nianzie wapi, unauliza. Anzia hospitali. Ofisi zote nitakazozitaja zitakudai karatasi ya hospitali, na ukienda huko bila hiyo utapanda matatu za kurudi bure.

Unachotafuta kutoka kwa daktari anayemtibu ni ripoti, si kile kijikaratasi cha ruhusa ya mapumziko. Ripoti iseme ugonjwa ulianza tarehe gani, ametibiwa vipi, viungo gani haviwezi nini, kama matumaini ya kupona kabisa yapo, na kama hali ni ya kudumu. Neno "kudumu" ndilo linalopimwa na kila mezani utakapofika. Madaktari hawapendi kuliandika mapema kwa mgonjwa wa kiharusi, na wana haki, kwa kuwa wengine hurudi kutembea vizuri baada ya miezi ya mazoezi. Lakini nyinyi mko mwezi wa saba, kwa hiyo mna haki ya kuuliza waziwazi. Tena mwambie daktari kazi yake ni udereva. Mkono wa kulia dhaifu kwa karani ni jambo moja, kwa dereva ni jingine kabisa.

Ripoti ikipatikana, peleka nakala katika ofisi ya wafanyakazi ya wizara yake pamoja na barua fupi ya kuomba apelekwe mbele ya bodi ya madaktari. Bodi hii familia haijiundii. Wizara yake ndiyo inayoandikia Wizara ya Afya, na Wizara ya Afya ndiyo inayoteua madaktari watakaomwona. Kwa sababu hiyo faili nyingi hulala hapo hapo: kila mtu anadhani mwenzake ameshaandika. Nenda na nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Nunua faili ya shilingi hamsini uiweke humo. Nusu mshahara mnaopata sasa ni dalili kwamba likizo yake ya ugonjwa inaelekea mwisho, na muhuri wenye tarehe ndio utakaoonyesha kwamba hakutoroka kazi, alikuwa akingoja bodi.

Bodi inaweza kusema mambo mawili. Inaweza kusema hawezi kazi tena, na hapo anastaafu kwa sababu ya afya, hesabu ndiyo ile. Au inaweza kusema udereva umemshinda lakini kazi nyepesi anaiweza. Familia nyingi husikia hili la pili kama laana, ilhali mara nyingi ndilo lenye pesa zaidi. Dereva mzoefu anaweza kuwekwa kwenye meza ya kuandika safari za magari na mafuta. Rudi kwenye hesabu yetu ya 40,000. Akifika miaka 60 atakuwa na miezi 384: kiinua mgongo 1,920,000 na pensheni ya 24,000 kwa mwezi, hata mshahara usipopanda shilingi. Na serikali imekuwa ikiwaruhusu watumishi wenye ulemavu kukaa kazini mpaka miaka 65. Hiyo ni miezi 444, kiinua mgongo 2,220,000 na 27,750 kwa mwezi. Sikwambii umsukume mgonjwa kazini. Kama kupanda ngazi za jengo la serikali kutamuua, pesa hizo hazina maana. Nakwambia tu bei ya kila mwezi ili mkiamua muamue mkiiona.

Lakini ruhusa ya 65 ni ya mtu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, na ulemavu "unaoibuka" mwaka wa kustaafu hutazamwa kwa jicho la shaka. Msajili sasa. Usajili nao huanzia hospitali ya serikali yenye jopo la kutathmini ulemavu, na jopo hilo ni tofauti na ile bodi ya kazini; usiruhusu mtu akuchanganye. Kutoka Umoja, hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo iliyo karibu. Uliza kwenye mapokezi jopo linaketi siku gani kabla ya kumpakia mgonjwa kwenye gari. Kuna Mbagathi na Kenyatta pia. Tathmini ikishapita, usajili wenyewe humalizikia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na makao ya Baraza yako Kabete, kando ya Waiyaki Way, mkihitaji kumwona mtu ana kwa ana.

Kadi hiyo ina faida nyingine ambayo wafanyakazi wengi hawaidai. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kuomba cheti cha kusamehewa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi. Ombi hupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato, KRA, na wataomba kadi ya NCPWD, ripoti ya daktari na barua ya mwajiri inayoeleza ulemavu unavyoathiri kazi yake. Kwa dereva, hapo kodi yote ya mshahara inaondoka. Msihesabu miezi iliyopita kabla ya cheti, ndiyo maana nasema mharakishe. Cheti kina tarehe ya mwisho, kiandikeni kwenye kalenda. Na kwa upande wa pensheni yenyewe, marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza mwisho wa Desemba 2024 yaliondoa kodi kwenye malipo ya wanaofikia umri wa kustaafu, na wanaotoka mapema kwa maradhi wametajwa humo. Sababu moja zaidi ya kutaka neno "afya" lionekane kwenye barua yake.

Kama kiharusi kilimpata akiwa nyumbani au njiani kwa shughuli zake, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 haiwahusu. Ikiwa kuna ajali yoyote kazini iliyotangulia, hata ya kugonga kichwa kwenye gari, niandikie tena, maana sheria hiyo ina mwisho wa miezi 12 wa kudai na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 96. Si pesa ya kuacha ipite.

Sasa karatasi. Hapa ndipo faili hufia. Toa sandukuni barua ya kwanza ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kwenye kazi ya kudumu yenye pensheni, barua za kupandishwa cheo, hati ya mshahara ya hivi karibuni, kitambulisho, cheti cha PIN ya kodi, kadi ya benki na picha ndogo. Zipange juu ya meza na usome jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Mzee ambaye kwenye kitambulisho ni Wafula na kwenye barua ya 1999 ni Wafulla atarudishiwa faili, tena si mara moja. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili humaliza tatizo dogo kama hilo, mradi lionekane mapema. Tarehe ya kuzaliwa ni kesi ngumu zaidi: serikali hushikilia ile aliyoiandika siku alipoajiriwa, kwa hiyo kama kitambulisho kina nyingine, ulizeni sasa hivi ni ipi inayotumika.

Angalia pia hiyo 1999. Je, ni mwaka aliopewa kazi ya kudumu, au ndio mwaka alioanza kama kibarua? Madereva wengi wa wakati ule walianza kwa mkataba wa muda au kwa kulipwa kwa siku. Ofisi ya wafanyakazi ikuonyeshe kwa maandishi tarehe wanayoanzia kuhesabu. Miaka miwili ikipotea hapo, kwa mshahara wetu wa mfano ni 18,000 za pensheni zimepotea, kila mwaka, na kiinua mgongo kimepungua 120,000.

Jambo la sahihi hukuliuliza, lakini nimeliona likivunja watu. Mkono wake wa kulia hauna nguvu. Sahihi iliyo benki ni ya mkono ule uliokuwa mzima. Mpeleke benki akiwa hai na akili timamu, abadilishe aweke alama ya dole gumba mbele ya afisa wao, na akaunti iwe yake peke yake, si yenu wawili, kwa kuwa pensheni hulipwa kwa jina la mstaafu. Fomu za pensheni nazo azitie dole gumba mbele ya afisa wa wizara. Wewe usimtilie sahihi hata kama umeifanyia mazoezi ikafanana. Najua unafanya kwa mapenzi. Mkaguzi ataiita ughushi. Kama maneno yakizidi kumkwama, mwone wakili juu ya hati ya kukupa mamlaka ya kumsimamia angali anaweza kueleza anachotaka. Na umuulize, kwa upole, kama jina lililo kwenye fomu ya warithi pale kazini ni lako. Nimeona faili za wanaume wa miaka 50 na kitu ambapo mrithi bado ni mama mzazi aliyefariki zamani.

Siku atakapotoka kweli, ana siku 30 za kujaza tamko la mwisho la mali na madeni, lile alilokuwa akijaza kila miaka miwili. Watu hulisahau. Lijazeni pamoja na fomu za pensheni siku hiyo hiyo.

NSSF ni hadithi fupi zaidi. Ile miaka mitano ya kiwandani haijapotea. Pesa ziko pale, ndogo, kwa sababu enzi hizo makato yenyewe yalikuwa madogo (kabla ya viwango kupanda Februari 2023, mfanyakazi alikatwa 200 na mwajiri akaongeza 200, na miaka ya tisini ilikuwa chini ya hapo), lakini zimekuwa zikipata riba tangu wakati huo. Kama kadi ya zamani imepotea, nenda na kitambulisho chake katika Social Security House, Bishops Road, kule Community, au kwenye meza ya NSSF ya Huduma Centre, waitafute namba kisha wachapishe taarifa ya michango. Isome mwezi kwa mwezi. Kukiwa na matundu, barua ya zamani ya kiwanda au hati yoyote ya mshahara ya miaka hiyo itasaidia, hata kama kiwanda kimefungwa. Malipo ya uzeeni hutolewa akitimiza miaka 60, na kuanzia 50 kwa aliyekwisha kuacha kazi. Kuna pia malipo ya aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, ambayo hayangoji umri lakini yanataka, umeshakisia, karatasi ya daktari yenye neno "kudumu". Usilichukue hili kabla ya bodi kuamua. Haitapendeza mzee aonekane katika ofisi moja akisema hawezi kazi kabisa, na siku ile ile wizarani anaomba kazi nyepesi.

Yule jamaa wa 15,000 mwambie asante, na namba yake uifute. Hakuna ada ya kudai pensheni, hakuna ada ya kudai NSSF, na anachokiita kusukuma faili ni kwenda kuuliza iko wapi, jambo ambalo wewe unaweza kulifanya bure: Bima House, Harambee Avenue, ndiko Idara ya Pensheni iliko, na Huduma Centre ya GPO pale Teleposta utaulizia ilikofika bila kupanga foleni ya wastaafu wa nchi nzima. Hatari yake kubwa si hizo elfu kumi na tano. Ni kwamba atakuomba nakala ya kitambulisho, PIN na kadi ya benki, na ukishampa umempa kila kitu kinachohitajika kuelekeza kiinua mgongo cha mtu mahali pengine. Faili ikikwama bila sababu na barua zako zenye muhuri hazijibiwi, kuna Tume ya Haki ya Utawala katika West End Towers, Waiyaki Way. Wanapokea malalamiko bila malipo, na ndiyo maana nilitaka uwe na nakala zenye muhuri.

Kuhusu mama mkwe. Ana miaka 74, na mpango wa Inua Jamii huwasaidia wazee waliotimiza miaka 70 wasiopokea pensheni yoyote, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee mwenyewe msimtafutie huko. Akishakuwa na pensheni ya serikali hataingia. Mama hawezi kuomba siku yoyote akaandikishwa siku hiyo hiyo, usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo mpeleke jina lake kwa chifu wenu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii mapema, akiwa na kitambulisho chake cha asili. Na kama kitambulisho kinaonyesha miaka 68 ilhali nyinyi mnajua ni 74, hesabu inayotumika ni ya kitambulisho.

Wiki hii, basi: kwa daktari kuomba ripoti, kwa Sacco kuuliza bima, na wizarani na ile barua ya bodi. Mkubwa wake akiuliza tena ile barua nyingine, mzee amjibu kwamba anangoja madaktari. Ni jibu la kweli, na hawezi kuandikiwa onyo kwa hilo.